Kifo cha Bwana Harusi Katika Tangi la Sebuleni

Kwa Mwenye Duka la Samaki wa Mapambo,
Ghorofa ya chini, mlango unaopakana na fundi viatu.

Ndugu Muuza Samaki,

YAH: KIFO CHA BWANA HARUSI, PAMOJA NA MENGINE YALIYOKUWA YAKINIKERA TANGU KABLA HAJAFA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya kuliko bidhaa zako. Sisi hapa hatujambo wote, isipokuwa mmoja ambaye tulimzika Jumapili kwenye chungu cha maua.

Mimi hunifahamu, ila mkwe wangu unamfahamu sana. Ni yule mpima ardhi mrefu mwenye daftari la jalada gumu, anayekuja kwako kila mwisho wa wiki na kuuliza maswali mpaka wateja wengine wanatafuta pa kukaa. Mimi ni mama wa mumewe. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na mmoja, kumi na minne ya mwisho nikiwa mkuu wa wodi ya upasuaji ya wanaume, na tangu nistaafu nakaa kwa mwanangu, chumba kinachotazamana na tangi la samaki. Mwanangu ni fundi wa lifti, na ndiye aliyeniagiza kuandika. Alisema, “Mama, huyu muuzaji katupiga changa la macho, katuuzia samaki mgonjwa. Wewe ndiye unajua barua za kikazi, hebu mwandikie.” Ni kweli najua. Niliwahi kuandika barua moja kuhusu shuka, na shuka zikaletwa.

Malalamiko yangu ni kama yafuatayo:

1. Kabla hujamuuzia mkwe wangu samaki mmoja wa ukubwa wa kidole, huyo tuliyekuja kumwita Bwana Harusi, ulimhoji kama polisi. Tangi lina lita ngapi? Nani mwingine atakaa humo? Mapezi yake ni marefu au mafupi? Ni mpole au mgomvi? Alipotaka samaki wa dhahabu ulimkatalia, ukasema yule anapenda maji ya baridi na anachafua kama watu watatu, wakati Bwana Harusi anataka joto. Wangeteseka wote wawili na kila mmoja akidhani kosa ni la mwenzake. Alipotaka wale wenye milia ulikataa tena, eti wanatafuna mapezi ya wenzao kwa mchezo tu. Mwisho ukamchagulia wale wadogo wanaong'aa, na ukashikilia wasipungue sita, kwa kuwa wakiwa wachache huingiwa na hofu. Ukaongeza na wale wa chini wenye masharubu wanaookota mabaki, ambao hapa nyumbani tunawaita Wafagizi. Haya yote ni mema, sikatai. Ninachouliza ni hiki: mimi nilipohamia nyumba hii, nani alihoji? Mwanangu alikuja na gari la kuazima, akapakia kitanda na masanduku mawili, na saa nane mchana nikawa ndani. Hakuna aliyetaka kujua kama nina mapezi marefu.

2. Ulimwagiza mkwe wangu kwamba samaki mgeni akae peke yake wiki mbili kwenye ndoo, achunguzwe, asije akaambukiza wenzake. Karantini naiheshimu, nimeisimamia mwenyewe kwa watu wazima waliokuwa wakinitukana kupitia dirishani. Tena wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lakini ndoo ile, pamoja na hita yake na pampu ya hewa inayonguruma, iliwekwa chumbani kwangu kwa sababu eti ndicho chumba tulivu. Kila asubuhi mkwe wangu alibisha hodi, akatazama ndoo, akanitazama mimi, akaandika kitu kwenye daftari. Kwa wiki mbili sikujua ni nani kati yetu anayechunguzwa.

Siku ya kumhamisha ndipo nilipochoka kabisa. Alitiwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukaachwa uelee tangini dakika ishirini ili joto lilingane, kisha akawa anaongezewa maji ya tangi kikombe kimoja kimoja. Taa ilizimwa. Tuliambiwa tuseme kwa sauti ya chini. Siku niliyohamia mimi redio ilikuwa juu, na nilioneshwa swichi zote za nyumba kabla sijavua viatu.

3. Kuhusu chakula. Ulisema walishwe mara moja kwa siku, kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili, na siku moja kwa wiki wasile kabisa, maana kinachobaki huoza chini na kugeuka sumu. Bwana Harusi alikuwa akija kwenye kioo kila nikipita na kunitazama kama mgonjwa aliyeambiwa asile mpaka baada ya upasuaji. Nimewanyima chakula wanaume wenye ndevu na sikutikisika. Naomba ieleweke kwamba na huyu sikumlisha, ingawa nilimwomba radhi.

Lakini si hilo hasa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wafagizi walipewa jembe siku ileile walipofika, na ukiwatazama utaona wana raha zao. Mimi mwezi huu ni wa tano na sijapewa hata ufagio. Nikishika sahani, mkwe wangu ananipokonya kwa adabu, “Acha tu Mama, pumzika.” Nikikunja nguo, jioni nazikuta zimekunjwa upya, kona kwa kona, kipimaji. Mtu aliyezoea kuamka alfajiri na kukagua vitanda thelathini na viwili hawezi kupumzika kutwa nzima, siku zote saba. Huko si kupumzika, ni kulazwa. Nina miaka sitini na moja na siumwi popote.

4. Nimekuja kufahamu, kwa kuchelewa, kwamba katika elimu yenu kuna uchafu unaoheshimiwa. Kwamba maji yabadilishwe robo tu kwa wiki, na yale mapya ya bomba yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini. Kwamba ile sponji ya ndani ya chujio inakaliwa na vijidudu vyema vinavyokula sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, hivyo ikamuliwe tu ndani ya maji yaleyale yaliyotolewa tangini, kisha irudishwe ikiwa bado ya kahawia. Isiguswe na maji ya bomba. Sabuni ndiyo kabisa. Ndugu Muuza Samaki, miaka thelathini na mmoja niliwafundisha wanafunzi wa uuguzi kwamba kitu cha kahawia hakirudishwi kilikotoka. Mtu yeyote mwenye mafunzo kama yangu, akiikuta sponji ile siku ya Alhamisi, watu wote wakiwa kazini, naye hana kazi yoyote, angefanya nini? Nauliza kwa ujumla tu.

5. Namba hii nimeifuta.

6. Sasa kifo chenyewe. Alhamisi asubuhi Bwana Harusi alikuwa mzima, akiburuza mapezi yake ya bluu kama suti iliyozidi saizi. Ijumaa maji yaligeuka ukungu, kama yaliyooshewa mchele. Jumamosi samaki wote walikuwa juu wakigombea hewa. Kwa mazoea nilitoa saa yangu nikahesabu mapigo ya matamvua ya Bwana Harusi, yale mashavu anayopumulia, na yalikuwa yanakwenda mbio hivi kwamba angekuwa binadamu ningeshamwita daktari. Mkwe wangu alibadilisha maji mara tatu siku hiyo, mikono imelowa mpaka juu ya viwiko, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anamimina bila kupima. Wale wadogo na Wafagizi walipona. Jumapili tulimkuta Bwana Harusi amelala chini, Wafagizi wakimzunguka kwa heshima.

Mkwe wangu hakulia. Alimwinua kwa kijiko kikubwa, taratibu, kama bado anaweza kuumia. Nilisimama nyuma yake nikitaka kumwambia neno. Nikamwambia chai iko tayari, na wala haikuwa tayari.

Kutokana na maelezo hayo ni dhahiri kwamba samaki huyu alitoka dukani kwako na maradhi ya siri, yaliyojificha miezi mitatu yakingoja Alhamisi. Samaki mmoja akioza, wote wameoza; basi na mwenye duka naye atazamwe. Ushahidi wangu mkuu ni kwamba humu ndani hakuna mwingine wa kulaumiwa.

7. Kwa hiyo nadai mambo matatu.

(a) Ulete samaki mwingine wa bluu ileile, mwenye cheti cha afya.

(b) Umwandikie mkwe wangu barua ya kuomba radhi. Iwe ndefu. Useme kwamba aliyekosea hakukusudia, kwamba alitaka tu kusaidia, na kwamba hajalala vizuri tangu siku ile. Maneno mengine utajaza mwenyewe.

(c) Kwa kuwa wewe unajua nani akae na nani, ufike hapa na vile vijikaratasi vyako vya kupimia maji, upime sebule yetu. Tazama nani anakaa kona gani na nani anamfuata nani jikoni. Napendekeza pia kwa wakubwa wote wanaohusika kwamba kuanzia sasa ndoa isifungwe, chumba kisipangishwe, na karani asipewe meza karibu na karani mwingine, kabla mtu kama wewe hajauliza habari za mapezi. Mama wakwe wote wakae kwanza wiki mbili kwenye ndoo, wapewe hita. Wewe uteuliwe kusimamia zoezi hilo nchi nzima, ila uanze ukiwa umesimamishwa kazi kwa sababu ya dai (a).

Na ukishapima, toa uamuzi kwa maandishi: je, muuguzi mstaafu anaweza kukaa tangi moja na mpima ardhi? Najua vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, lakini sisi hata hatugongani. Tunapishana kwa adabu tu, kama watu wa kwenye lifti. Kama jibu ni hapana, sema hapana. Begi langu lipo chini ya kitanda, nimelifunga tangu Jumatatu. Mwisho wa mwezi nitakwenda kwa mdogo wangu, ambaye ana chumba kimoja na paka watatu, na najua wewe ungesema nini juu ya hilo. Ila napenda nilisikie kwako. Sitaki kungoja siku mwanangu asimame mlangoni akikuna kichwa, akitafuta pa kuanzia. Nampenda sana, naye si hodari wa maneno.

Nisalimie fundi viatu jirani yako, na yule dada anayefunga mifuko, na wote wa nyumbani kwako. Wape salamu pia wale samaki wa dhahabu mliowakatalia tangi letu. Waambie hawako peke yao.

Ni mimi, katika kudai haki ya marehemu,

Mama wa Fundi Lifti
Muuguzi Mkuu (Mstaafu), Wodi ya Upasuaji, Wanaume

NYONGEZA: Nilishaweka sahihi, nikampa mkwe wangu aisome, maana vipimo vya tangi sina uhakika navyo. Aliisoma akiwa amesimama dirishani. Kwenye namba mbili alicheka mpaka akafuta macho. Alipofika namba tano aliinua karatasi kwenye mwanga. Nilisahau kwamba kazi ya mtu huyu ni kusoma mipaka iliyofutwa kwenye ramani kuukuu. Pale niliandika: “Kwa nini hukubandika tangazo kwenye tangi kwamba sponji haioshwi kwa sabuni ya vyombo?”

Alikwenda kuleta daftari lake akalifungua ukurasa wa Jumapili. Umeandikwa hivi: “Chujio linanuka sabuni ya vyombo, ya limau. Sponji nyeupe kabisa. Sababu ya kifo: haijulikani.” Mwanamke huyu huandika joto la maji mpaka nukta, na hapo akaandika haijulikani. Kumbe habari ya samaki mgonjwa kutoka dukani mwanangu hakuibuni. Aliambiwa na mkewe, Jumapili hiyohiyo, nilipokuwa jikoni nikitafuta chai.

Nililia, sifichi. Yeye akaniambia, “Mama, Alhamisi tunabadilisha maji. Mimi nitashika mpira wa maji, wewe utashika ndoo na kukamua sponji. Nitakuonyesha.” Nikamwuliza kwa nini hakuniambia nisaidie tangu mwanzo. Akasema alidhani nikipewa kazi nitaona nimeletwa kuwa mtumishi, na mama yake mzazi ndivyo alivyowahi kulalamika.

Kwa hiyo madai yote hapo juu nayafuta, ukiacha lile la samaki, na huyo nitakuja kumnunua mwenyewe. Usimlete sasa. Sponji imeanza upya na maji yanahitaji wiki nne hivi kutulia, nami nimepewa daftari la kuandika. Barua naituma ilivyo kwa sababu mwanangu ameshanunua bahasha na atakuja kukuuliza kama umeipata. Tafadhali, akija, muombe radhi kidogo, yeye hajui lolote na ni vizuri abaki hivyo. Begi nimelifungua, nguo nimezipanga kabatini. Mkwe wangu amepita akazipanga upya.