Profesa Aliyemkosoa Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu ni mtafiti wa ubongo. Akili karithi kwangu. Mama yake anajua ila hasemi. Chuoni wanataka kumpandisha cheo, lakini jopo limeuliza: nani anamnukuu? Nikataka kujua kunukuliwa ndiyo nini. Binti akasema ni wasomi wengine kuzitaja makala zako ndani ya makala zao. Andika mpaka mkono uote sugu. Usipotajwa, umewaandikia panya. Ajabu! Kumbe wasomi nao wanaishi kwa kusemwa, kama sisi mtaani.

Jumanne, 4 Machi
Nimeona makala mezani kwa binti. Nasoma polepole, lakini nafika. Profesa mmoja wa hapo hapo chuoni kaandika kwamba binti yangu AMEKOSEA! Binti anasema ubongo usio na kasoro unaweza kuliona kosa lake na bado ukalirudia. Profesa anasema ubongo wa hivyo haupo duniani. Itachapishwa mwezi huu. Thubutu! Kesho naenda. Simwambii mtu.

Jumatano, 5 Machi
Nilivuta mlango wa profesa. Wapi! Nikavuta kwa nguvu. Sauti ikasema ndani: sukuma, mzee wangu. Nikavuta. Akaja kufungua mwenyewe. Nikamwambia namjua mtoto wangu tangu hana meno, hajakosea hata siku moja. Hakukasirika. Akanikalisha mbele ya kompyuta, nichague duara: nyekundu au bluu. Nikabonyeza nyekundu. Kompyuta ikanizomea. Nyekundu. Ikazomea. Akanionyesha kwamba inayoshinda ni bluu. Nikamwambia nimeona, mimi si kipofu. Nikabonyeza nyekundu. Mwanamume hageuki geuki! Akanitazama kama mtoto aliyeona kinyonga. Mwisho akakiri binti yangu yuko sahihi, na makala yake anaiondoa. Ushindi! Nimetoka kifua mbele.

Alhamisi, 6 Machi
Binti kalia. Eti kukosolewa nako ni kunukuliwa! Jopo linahesabu kutajwa, haliulizi kwa wema au kwa ubaya. Makala ile ilizitaja kazi zake zote, ndiyo aliyoitegemea. Kaniomba, Baba, mara hii tu usinisaidie. Mama yake akasema nina kichwa cha jiwe. La msingi, nikamjibu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudi kwa profesa, amkosoe binti upya, tena kwa kirefu. Nikavuta mlango. Alicheka mpaka akashikilia meza. Akasema kumkosoa hawezi tena, ila ataandika makala ya kumuunga mkono, amtaje kila ukurasa, mradi nikae tena kwenye kompyuta. Nikakaa. Nyekundu.

Jumatatu, 2 Juni
Kapanda cheo! Makala imetoka, jopo limeisoma, na wengine wameanza kumnukuu. Nami nimo humo: mshiriki mmoja, mzee, ubongo hauna kasoro. Hauna kasoro! Nimemsomea jirani yangu fundi saa mpaka kafunga duka. Binti kanikumbatia, kasema basi Baba, kazi imeisha.

Imeisha wapi? Nyekundu haijashinda bado, lakini hila yake nimeshaijua. Kesho narudi. Na ule mlango wao ni mbovu. Naenda na bisibisi.