Fimbo ya Marehemu Chatikobo

Idara ya Uangalizi wa Mali za Waliotutoka ilitangaza, kwa furaha kubwa, kwamba kuanzia sasa hakuna marehemu atakayeruhusiwa kuacha mali ovyo ovyo. Tangazo lilitungwa na Bwana Madzivanyika, Afisa Mwandamizi, na lilibandikwa hadi kwenye ukuta wa mashine ya kusaga ya kila kijiji. Kifungu alichokipenda kiasi cha kukighani bafuni kilisema: "Atakayepokea mkononi kitu chochote cha marehemu amepokea mirathi yote, pamoja na majukumu yake yote." Alikusudia kuwakomesha mashemeji wanaobeba masufuria ya wajane kabla matanga hayajaanuliwa. Tusimnyime haki yake, alianza na nia njema.

Ila nia njema nayo huona njaa. Nyuma ya ofisi walifungwa mbuzi wa marehemu mbalimbali, wakiwa chini ya uangalizi, na kila Ijumaa uangalizi ulipungua mbuzi mmoja.

Siku ya mkasa wetu Bwana Madzivanyika alifika Gutu kwa gari la Idara, kuchukua maksai wawili wa marehemu Chatikobo. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Mai Tarisai, yaani mama yake Tarisai, mjane wa marehemu, alikuwa na watoto wanne, shamba moja na plau moja, na plau bila maksai ni chuma chakavu.

"Mheshimiwa, mvua hiyo inakuja. Ukiwachukua hawa nitalima kwa meno?"

"Hawachukuliwi, mama. Wanahamishiwa kwenye mazingira salama."

"Kama mbuzi wa Mai Farai?"

"Wale walihitimisha mchakato," alisema Bwana Madzivanyika, na kwa kweli hakuona cha kuchekesha.

Ukoo mzima ulikuwa uwanjani, maana mwaka ulikuwa umetimia tangu mazishi, na siku hiyo mjane alitakiwa kumkabidhi fimbo ya marehemu mtu atakayemrithi na kuibeba nyumba yake. Mashemeji walikuwa wamekaa mkao wa kula, kila mmoja na shati jipya. Bwana Madzivanyika alizaliwa kijiji cha jirani na aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Lakini desturi haikuwa na muhuri.

Mai Tarisai alibeba fimbo, akawapita mashemeji bila kuwatazama, akaelekea kwa shangazi wa watoto. Kumpa shangazi ni kusema: asanteni, sitaki mtu.

"Simama hapo!" alifoka Bwana Madzivanyika. "Hiyo fimbo imesajiliwa?"

"Fimbo ya mti nayo husajiliwa, mheshimiwa?"

"Haijasajiliwa. Basi ni mali inayozurura. Ilete hapa."

Mjane alimtazama. Akatazama mawingu. Akatazama maksai. Kisha akapiga magoti mbele yake, akainyoosha ile fimbo. "Pokea basi, mheshimiwa."

Na yeye, kwa vile alilelewa vizuri na mama yake, aliipokea kwa mikono miwili.

Shangazi alipiga kigelegele kilichowashtua kuku. Wanaume wakapiga makofi ya heshima, mazito, ya pamoja. Chikwanha, mtani wa ukoo, ambaye tangu asubuhi alikuwa amevaa koti la marehemu na kukohoa kama yeye, alimkumbatia afisa kwa machozi.

"Karibu nyumbani, Baba Tarisai! Kumbe huko kaburini mnanenepa!"

"Ngoja kwanza. Mimi niko kazini!"

"Hata marehemu alisema hivyo hivyo kila alipoambiwa alime." Mtani akakohoa, akakitamka kile kifungu neno kwa neno. "Nani alitunga maneno matamu hivi?"

"Nina mke mjini!"

"Mume kamtaka nani?" alisema Mai Tarisai, akijipangusa vumbi magotini. "Kulala, kalale kwako. Mimi namtaka wa kushika plau. Na mama yangu, sasa mama mkwe wako, hali sadza ya jana, ugali wake ni wa moto tu, nakuambia mapema."

Bwana Madzivanyika alikimbilia kwa Mkurugenzi. Kwa mujibu wa kanuni, fimbo ingerudishwa kwa idhini ya Afisa Mwandamizi, na Afisa Mwandamizi haruhusiwi kujihudumia mwenyewe. Ilibaki Mkurugenzi aipokee. Mkurugenzi alikisoma kile kifungu mara mbili, akawakumbuka mbuzi wa Ijumaa, waliopita mikononi mwa ofisi nzima, akaingiza mikono yote miwili mifukoni.

"Hongera kwa majukumu mapya," alisema.

Kufikia jioni ofisi nzima ilikuwa barabarani, maafisa wenye tai wakiwarudisha mbuzi kwa wajane, wakiwasukuma kwa magoti ili wasiwaguse kwa mikono. Waliokwishakula wa kwao walikwenda kununua wengine.

Mvua ilinyesha Jumatatu. Bwana Madzivanyika alishika plau tangu alfajiri, suruali ikiwa imekunjwa, maksai wakimburuta wanakotaka. Ukingoni mwa shamba mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, akila sadza ya moto.

"Mheshimiwa," aliita, "mstari umepinda. Rudia."