Kitambaa cha Seva

Jumatatu, 9 Oktoba 2006. Bungoma.

Leo saruji imekuwa na bei tatu katika duka moja. Edah wa kaunta alisoma bei yake kwenye kompyuta yake, Kizito wa malipo akasoma nyingine, na kompyuta ya ofisini ilikuwa bado na bei ya Pasaka. Mteja kutoka Chwele alichagua ya Pasaka. Nani angemlaumu?

Bwana Om Prakash, mwenye duka, akatuita sote. Alisema Diwali ni Jumamosi ya wiki ijayo, siku ambayo familia yake hufungua hesabu mpya. Kompyuta zote ziwe zinasema kitu kimoja kabla ya hapo. Baada ya Diwali atafungua tawi Kitale, naye anatafuta karani wa stoo wa kupeleka huko.

Kitale! Ni miaka kumi na minne tangu tufukuzwe shambani kwetu Saboti, karibu na hapo Kitale. Hapa Bungoma mlima Elgon uko kaskazini, mbali, kama mtu unayemjua lakini hakuiti. Kule uko magharibi na jua huzama nyuma yake. Nataka kuuona upande ule tena. Sikusema hivyo, bila shaka. Nilisema nina uzoefu wa stoo.

Kitale ilipotajwa, Kizito alikohoa. Mtu mzima hakohoi bure. Nina mpinzani.

Jumanne, 10 Oktoba.

Sikukuu. Duka limefungwa. Nimeomba funguo na kuingia.

Mpango wangu ni huu. Kizito anataka seva mpya iletwe kutoka Nairobi na programu yake ya kulipiwa. Mimi nimeokota kompyuta ya zamani iliyokuwa chini ya mabomba na kuitilia Linux, ambayo ni programu ya bure. Nilikuwa nimeomba diski kwenye mtandao tangu Juni na posta ikazileta, zimefungwa vizuri kama kadi za Krismasi. Zile kompyuta nne za dukani zitabaki na Windows zake, maana wenzangu wamezizoea na sitaki vita. Bei zote zitakaa kwenye seva, na zile nne zitakuwa zikiiuliza. Nimesoma kitabu kizima kuhusu jambo hili, pamoja na dibaji.

Mke wangu Phelista aliniletea chakula. Aliona skrini nyeusi yenye maandishi meupe, akauliza kama mashine imefiwa.

Alhamisi, 12 Oktoba.

Inafanya kazi! Edah aliandika bei mpya ya misumari, na Kizito akaiona papo hapo kwenye kompyuta yake. Alisema, "Eh! Mzee Makokha, kumbe!" Kwa mpinzani, alijikaza vizuri.

Seva yenyewe iko stoo, karibu na wavu wa kuku. Haina skrini, haihitaji. Hapo ndipo shida ilipo. Kitu kisicho na skrini hakiheshimiwi. Saa nne Edah aliweka chupa ya chai juu yake. Saa tano mtu alitundika koti. Mchana nilimkuta mteja ameikalia, anajaribu viatu vya mvua.

Bwana Om hawezi kumpeleka Kitale mtu ambaye kazi yake inakaliwa.

Jumamosi, 14 Oktoba.

Jawabu limepatikana! Katika nyumba zetu kila kitu cha heshima hufunikwa: redio, televisheni, viti vya wageni. Nilimwomba Phelista afume kitambaa. Alichukua vipimo kwa kamba, akafuma cheupe chenye maua ya bluu, kinachofika chini pande zote. Hakuna hata tundu moja linaloonekana. Kazi safi.

Sasa watu wanapita stoo kwa adabu. Mama Bhagwanti, mamake Bwana Om, alikuja kuangalia na kusema imependeza kama bibi arusi. Kizito peke yake alikuwa na neno. "Mzee, si itasikia joto? Umeivalisha sweta, bana."

Nilitabasamu tu. Wivu hauhitaji jibu.

Jumatatu, 16 Oktoba.

Msiba. Kabla ya chakula cha mchana kompyuta zote nne zilisema haziioni seva. Edah alipiga kelele mbele ya wateja, "Mzee, seva imerara!" Hata akiwa na haraka, Edah hutamka kama nyumbani kwao. Nikaiwasha. Ikazima tena saa tisa.

Jambo la kushangaza ni kwamba zile nne hazina kitambaa na hazikuzima hata mara moja. Nimelifikiria sana jambo hili. Maana yake ni moja: hakuna anayezionea wivu.

Jumanne, 17 Oktoba.

Kitambaa kiliingia chai, Phelista amebaki nacho nyumbani kukifua. Seva imefanya kazi kutwa nzima bila kuyumba. Na Kizito alikuwa wapi kutwa nzima? Naitiri, na pikapu, akipeleka mabati!

Sisemi kitu. Naandika tu.

Jumatano, 18 Oktoba.

Kizito amerudi. Kitambaa nacho kimerudi, kimetiwa wanga, kimesimama chenyewe kama ukuta. Seva imezima kabla ya saa sita.

Ushahidi umekamilika. Mahakamani ningeshinda.

Alhamisi, 19 Oktoba.

Nilifunga dirisha la stoo kwa komeo. Nikafunga mlango. Nikaweka kiti nje na kuuegemea mlango kwa mgongo wangu mwenyewe. Asiingie mtu.

Saa tano na nusu ikazima.

Kizito alikuwa kaunta, anauza bawaba, kila mtu anamwona. Niliumia kichwa. Halafu nikaelewa: waya! Anapitia kwenye waya! Nikachomoa waya wa kompyuta yake. Kwa hiyo ikabidi aandike risiti kwa mkono na kukumbuka bei kichwani, naye alikumbuka ile ya Pasaka. Lori zima la saruji.

Bwana Om hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema kwa sauti ndogo, "Mzee, mimi napenda hii kitu yako ya bure. Lakini Jumamosi ikizima mbele ya mama yangu, nanunua ya Nairobi. Na karani wa Kitale pia natoa Nairobi."

Nilipotoka nje mlima haukuonekana. Mawingu.

Ijumaa, 20 Oktoba.

Sikukuu nyingine. Nilimweleza Phelista hali ilivyo. Akauliza kama mashine haipati hewa. Nikamwambia mashine hazipumui, hilo ni jambo la msingi. Akasema kuku aliyefunikwa na karai huwa anatulia kwanza, halafu anakufa. Nikamwomba afume cha pili, kizito zaidi, chenye nyuzi za dhahabu pembeni, kwa heshima ya Diwali. Kisha akatafuta nyuzi.

Jumamosi, 21 Oktoba. Diwali.

Naandika haya usiku.

Niliwasha seva asubuhi na kuivalisha vitambaa vyote viwili. Familia ilifika saa nne na nusu na taa za mafuta, maua na peremende. Kompyuta nne zikawashwa. Mimi nilisimama nikitazama saa. Saa tano. Saa tano na robo. Nilijua saa yake ya kuzima, na Mama Bhagwanti alikuwa bado anabariki kikokotoo.

Alipofika stoo alisimama. "Uso wake iko wapi?" Nikamweleza hii haina uso. Akasema mungu wa mali hawezi kubariki nguo, akavuta vitambaa vyote kwa mkono mmoja na kuweka kidole juu ya mashine ili aipake alama nyekundu. Alikirudisha kidole haraka! "Are! Huyu ana homa!" Akaamuru dirisha lifunguliwe kwa ajili ya moshi wa ubani.

Nilifumba macho. Nilingoja sauti ya Edah.

Haikuja. Bwana Om aliandika bei ya kwanza ya mwaka mpya, na kompyuta zote nne zikaionyesha. Saa sita. Saa saba. Saa tisa! Haikuzima! Na Kizito muda wote nilikuwa nimemsimamisha mahali ninapomwona, mikono yake yote miwili ikiwa na peremende. Nani sasa atabisha?

Nilimfuata nje, nikamwambia nimemsamehe, na Kitale aishindanie kwa haki. Alinitazama kama nimeongea Kichina. "Mimi? Niende Kitale kufanya nini, mzee? Baridi yote ile? Bibi yangu yuko hapa, ng'ombe wangu wako hapa." Nikamuuliza, na kile kikohozi cha siku ile? Akasema, "Saruji, mzee. Sisi wote tunakohoa hapa."

Jioni Bwana Om aliniita. Kitale ni yangu! Niende na kompyuta nyingine kuukuu, niitie ile programu ya bure kama ya hapa. Ni majaribio hadi Krismasi. Ikizima hata mara moja, nitarudi Bungoma na gari la kwanza. Akaongeza kwamba ameongea na mamake na Kizito, na anataka nimsikie vizuri: kitambaa hapana. Nikasema nimesikia.

Jumatano, 1 Novemba. Kitale.

Mlima niliuona jana nilipokuwa nafungua duka kushusha mizigo. Uko magharibi, mahali pake. Jioni jua lilishuka nyuma ya bega lake la kushoto, kama nilivyokumbuka. Nilikuwa nimehofia labda nilibuni. Sikwenda Saboti. Mtu mwingine analima pale, na mahindi yake, nimeambiwa, ni mazuri. Hapa kwenye mlango wa duka panatosha. Ningependa kusimama hapa jioni zote zilizobaki.

Seva imewaka tangu asubuhi. Kompyuta mbili za kaunta zinaiuliza na inajibu. Sellah, msaidizi wangu mpya, anaiita "bosi" bila kuambiwa.

Kizito alipiga simu kunijulia hali. Ati, "Mzee, umeacha hiyo mambo ya vitambaa?" Nimemwapia kwamba hapa hakuna kitambaa hata kimoja, na ni kweli tupu. Mimi ni mtu wa kushika neno.

Lakini nilikuwa nimesahau baridi ya Kitale. Ukungu unaingia hadi stoo. Saa moja asubuhi nilishika mashine, ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, nikaona huruma. Nimemtuma Sellah sokoni. Amerudi na blanketi la sufu, zito, la mistari, nami nimeizungushia mara mbili na kuifunga kwa kamba ya katani.

Sasa ni saa tano. Nimeishika tena kupitia kwenye blanketi. Imeanza kupata joto zuri.