Sifuri Nyuma ya Jina la Djibril

Kwa Bwana Direkta wa kituo chetu cha kompyuta,
Asiatique, Bujumbura

Bwana Direkta,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Mi ni Houda, yule mama anayekaa karibu na mlango ili asikie mtoto wake akiletwa. Nakuandikia kwa heshima, lakini moyo umechafuka.

1. Mwalimu Fortunat ametufundisha kuandika maneno ya rangi kwa Python, ile lugha ya kompyuta. Unaandika print, unatia \033[31m, na neno linatoka jekundu. Nikaandika jina la mwanangu, Djibril. Wallahi lilipendeza, nusura nibusu kioo cha mashine. Kisha mwalimu akasema nyuma yake niweke \033[0m, ili rangi ifungwe. Sifuri! Nyuma ya jina la mtoto ambaye hata meno hana! Kafanya mtihani gani?

2. Nikakataa. Nikaweka 20, yaani alama ishirini juu ya ishirini, maana Djibril ana akili, hata jirani wanasema. Mashine haikubisha, lakini wekundu nao haukukoma. Ukashika mistari yote iliyofuata, mpaka pale ninapoandikia.

3. Ndipo mama mkwe wangu, Mama Asiya, akaingia kuniletea Djibril anyonye. Yeye nyekundu anaijua kwenye bulletin za shule tu, zile karatasi za alama, kwa wale walioanguka. Akashika kiuno: "Ee binti yangu, yote hii umeanguka? Basi mi nabeba mutoto bure!" Bwana Direkta, akikataa kumshika, hakuna mwingine. Masomo yangu yamekwisha, na mi nilishaota kazi ya ofisini, Djibril avae viatu vipya.

4. Kwa hiyo naomba sifuri iondolewe kwenye Python, iwekwe ishirini. Ikishindikana, iondolewe nyekundu. Ikishindikana hiyo pia, serikali iamuru shule zote za Burundi ziandike walioanguka kwa kijani, ili Mama atulie. Naona hili la mwisho ndilo jepesi.

5. Weusi wa kioo sisemi, nisionekane mtu wa kulalamika. Kipakwe chokaa tu.

Nisalimie Mwalimu Fortunat, simchukii. Na Madame, na watoto, na mlinzi wa getini.

Ni mimi mwanafunzi wako, ambaye bado nina matumaini,
Houda, Mama Djibril

N.B. Sijafunga barua bado. Odette, tunayekaa naye benchi moja, amemweleza Mama Asiya kwamba ule wekundu niliuagiza mwenyewe na mashine ikatii. Basi! Mama yuko dirishani na Djibril mgongoni, anaita wapita njia: "Njooni muone, mkamwana wangu anaamrisha mashine!" Amesema atambeba mtoto mpaka nimalize masomo. Ila anataka jina lake lifuate la mjukuu, jekundu vilevile, na langu lije mwisho bila rangi, "maana nyekundu ni ya damu yetu, we umekuja kwa ndoa." Kwa hiyo tafadhali usiondoe kitu. Ile sifuri naihitaji leo, mbele ya jina langu.