Veranda Iliyozeeka kwa Siku Tatu

Jumatatu, 3 Februari

Nimekasirika tangu chai ya asubuhi. Afisa wa mazingira amekuja kupima nyuma ya nyumba yetu, kijana mrefu anaitwa Kasaine. Amevuta tepu yake kutoka mtoni hadi kwa ukuta wetu wa jikoni, akatikisa kichwa. Hakuna veranda. Kwenye ukanda wa mto hakujengwi kitu kipya.

Nikamwuliza mto gani. Februari hii mbuzi wanavuka bila kulowesha kwato! Akasema kwa adabu kwamba mto ni mto hata ukilala.

Nikamwonyesha veranda ya Lorna, jirani yetu. Iko karibu na maji kuliko sisi. Iko na vigae. Iko na kiti cha kubembea. Kasaine akasema hiyo ilijengwa zamani, kabla ya sheria, na Lorna ameruhusiwa kuikarabati. Cha zamani kinarekebishwa, kipya hakijengwi. Lorna alikuwa huko juu anasikia yote. Akanipungia mkono. Kupungiwa mkono na mtu aliye kwa veranda ni matusi.

Na hii veranda si yangu. Ni ya Wakhungu, mume wangu. Tangu apate kiharusi hawezi kwenda mbali, na mtu aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote hastahili kuangalia mto kupitia dirisha la jikoni, juu ya sufuria. Hajaiomba. Lakini ni yake.

Jumatano, 5 Februari

Nimepata jibu nikikamua kitambaa cha kudeki. Cha zamani kinarekebishwa. Basi nitajenga cha zamani.

Nimempigia fundi Emmanuel. Nikamwambia nataka veranda mpya iliyo na miaka ishirini. Alikata simu akidhani network ni mbaya. Nikampigia tena. Akasema yeye hujenga tu, kuzeeka ni kazi ya Mungu. Nikamwambia Mungu yuko na kazi nyingi, tumsaidie. Huko Kisaju kuna mtu anabomoa banda la kuku. Kesho tunabeba mbao, mabati, kila kitu.

Wakhungu amesikia yote. Amesema anaona vizuri tu akiwa jikoni. Mtu huyu hajui kupigania haki yake.

Jumamosi, 8 Februari

Imesimama! Nguzo za kijivu, mabati ya kutu, na harufu ya kuku ambayo hatukuiitisha.

Shida ni misumari. Mipya, inang'aa kama meno ya mwanasiasa. Nimeimwagia maji ya chumvi. Kisha nikawasha majani mabichi kwa karai nipate masizi kwenye paa. Moshi ulikuwa unashika vizuri kabisa, mara Lorna akaruka ua na ndoo ya maji, akidhani tunaungua. Amezima kazi ya asubuhi nzima. Na ikabidi niseme asante. Neno limenikwaruza koo hadi sasa.

Utando wa buibui nimeutoa stoo kwa fagio, nikaupaka kwenye pembe. Buibui wenyewe wamekataa kuhama isipokuwa mmoja.

Nimemwambia Wakhungu akiulizwa aseme amekaa hapa tangu binti yetu Nelima akiwa nasari. Akanikumbusha yeye ni mzee wa kanisa. Nikamwambia basi anyamaze. Akasema kunyamaza anaweza, amezoea.

Jumanne, 11 Februari

Sitaki kuandika lakini nitapasuka.

Nilimwita Kasaine mwenyewe. Nikamwambia siku ile hakuangalia vizuri, hii veranda ilikuwa imefichwa na kichaka, tumefyeka tu, na sasa tunaomba ruhusa ya kuikarabati kama wengine. Akaizunguka polepole. Akagusa mabati. Akanusa. Akamgeukia Wakhungu aliyekuwa amekaa pale na kikombe chake.

"Mzee, hii veranda iko na miaka mingapi?"

"Mimi ni wa kuikalia tu, kijana wangu," Wakhungu akasema. "Umri muulize mama."

Nikasema ishirini. Kasaine akainama kuangalia misumari. Nikaona ananishuku. Hapo Lorna akaingia na chapati za moto kwenye sahani, bila kuitwa, na kabla sijamzuia akasema, "Afisa, hiyo veranda ni ya kitambo sana. Mimi nilihamia hapa nikaikuta."

Mwongo mkubwa! Na amesema kwa uso mtulivu, mama wa kwaya. Nilikuwa karibu kumpenda.

Kasaine akaamini. Akasukuma nguzo kwa kidole kimoja. Kidole kikaingia ndani. Mchwa wakatoka kama watu wametoka ibada.

"Nimekubali ni ya zamani, mama," akasema. "Ni ya zamani mpaka imeoza. Itamwangukia mzee. Hii siwezi kukubali irekebishwe, lazima ibomolewe kabla ya mvua."

Aondoke! Aende akapime mito ya kwao! Na Lorna naye! Nani alimwomba ushahidi? Angesema ukweli, tungegombana kuhusu sheria. Amenitetea hadi nimebomolewa. Chapati zake nimekula mbili kwa hasira.

Alhamisi, 13 Februari

Emmanuel amebomoa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuipaka masizi. Alikuwa anapiga mluzi. Nimemwambia akipiga mluzi kwangu tena nitatafuta fundi mwingine.

Mchwa wa banda la kuku hawakuondoka na mbao. Wamehamia kwa fremu ya mlango wa jikoni. Nyumba ambayo haikuwa na shida sasa iko na shida. Lorna ametuma dawa ya mchwa. Sijaitumia. Sawa, nimeitumia, lakini bila furaha.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya kanisa Wakhungu alibeba kiti chake mwenyewe, pole pole, mkono mmoja, hadi pale veranda ilikuwa. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Amekaa hapo hadi jioni. Ndege wa mtoni walikuja karibu. Akaniita nikae na yeye, nikakaa. Akasema tangu augue hajaona mto vizuri hivi, na kwamba labda tulikuwa tunahitaji kiti tu.

Machozi yalinitoka. Nikamshika mkono.

Halafu nikaona jua linampiga kichwani. Mgonjwa! Hapa panahitaji paa.

Na nimefikiria sana maneno ya Kasaine. Ukingoni hakujengwi. Sawa. Hakusema lolote kuhusu kitu kinachoelea. Mvua ikija mto utajaa. Nimempigia Emmanuel anitafutie mapipa ya plastiki, makubwa, yenye vifuniko. Ameniuliza ni ya maji. Nimemwambia ndiyo, ya kukaa juu yake.

Lorna hana inayoelea.