Mkanyaga Mafuta Bora wa Zama Zake

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu ametangaza vita. Anakitaka chumba cha nyuma. Yeye ni fundi cherehani, wateja wameongezeka, na ile mashine yake ya pili iko sebuleni, tunairuka tukienda jikoni. Anasema chumba kile hakina kitu. Hakina kitu! Na kompyuta yangu je?

Sawa, haijawashwa siku nyingi. Ni ile ya zamani, nene, skrini ina kisogo kirefu kuliko changu. Ofisini kwa baba waliitupa, yeye akaileta nyumbani imefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Mama akaifumia kitambaa cha kuifunika. Kitambaa kipo mpaka leo. Mtu atampaje muuza vyuma chakavu kitu kilichofumiwa kitambaa na mama yake?

Bahati mbaya shemeji alikuwepo. Huyu ni mdogo wake mke wangu, fundi simu, kijana wa vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Akasema gemu zenyewe za enzi zetu zilikuwa za kubembelezea watoto. Damu ikanichemka. Nikasema mbele yake yuko bingwa wa mbio za magari, na rekodi imo ndani ya mashine hadi kesho. Akacheka. Nikamwambia aje Jumamosi. Akishinda, kompyuta ataibeba mwenyewe mpaka kwa mtu wa vyuma chakavu. Nikishinda, chumba kinabaki kilivyo na mtu asinifungulie mdomo tena.

Mke wangu alikubali papo hapo. Hakuuliza hata swali moja. Hilo halikunipendeza.

Jumanne, 4 Juni

Nimefunga karakana mapema. (Natengeneza fremu za picha. Picha zinaweza kungoja, watu waliomo hawaendi popote.) Nimeiwasha kompyuta. Imewaka!

Feni ilianza kwa kukohoa, kisha ikavuma vilevile. Harufu ya vumbi lenye joto ikatoka. Jamani, harufu ile! Nilirudi kuwa na magoti yenye vidonda. Nilikaa tu nikaisikiliza, sikucheza chochote mpaka chai ikapoa.

Halafu mazoezi. Bingwa hakurupuki, anaanza na vitu vidogo. Maoni yangu, yabaki kwa faida ya vizazi:

Gemu ya nyoka. Ya haki kuliko zote duniani. Unakula, unarefuka, unajigonga mkia, unakufa. Hakuna wa kumlaumu. Nimemlaumu jirani aliyepiga honi.

Matofali yanayoshuka. Yametungwa na mtu mwenye kinyongo. Ukipanga vizuri, safu inapotea na hakuna anayeiona. Ukikosea, kosa linabaki pale linakukodolea macho. Kama kazi ya fremu.

Mabomu yaliyofukiwa. Mpaka leo sijui zile namba zina maana gani. Mimi hubonyeza kwa imani. Imani imenilipua kila mara.

Karata za mtu mmoja. Hizi zilikuwa za baba. Alisema hachezi, anakagua kama mashine ni nzima. Akaikagua kila jioni, miwani puani, mpaka alipostaafu. Leo nimecheza karata moja kwa niaba yake. Nimeshindwa, kama yeye. Machozi yamenilenga kidogo, nikasingizia vumbi, ingawa chumbani nilikuwa peke yangu.

Jumatano, 5 Juni

Balaa.

Nimefungua mbio za magari. Muziki uleule, mji uleule wa rangi tatu, daraja lilelile. Nikakanyaga mafuta. Gari likaenda moja kwa moja, likaingia dukani. Nikarudia. Likaingia dukani. Safari iliyofuata nilikata kona, lakini upande ambao hauna barabara.

Ndipo nikakumbuka. Mimi sijawahi kushika usukani.

Mambo yalikuwa hivi. Baba alitupangia zamu za Jumapili, kila mtoto na zamu yake, saa ya jikoni ikilia unainuka. Kaka yangu, mkubwa wangu, akagundua kwamba tukikaa wote wawili, zamu yake na yangu zinaungana kuwa zamu moja ndefu, na baba hakuwa na sheria ya kukataza hilo. Basi kiti kimoja, kila mtu nusu tako. Kaka kulia, vitufe vya kukata kona. Mimi kushoto, mafuta na breki. Akisema kanyaga, nakanyaga. Akisema acha, naacha. Hivyo ndivyo tulivyoiweka rekodi, na hivyo ndivyo tulivyocheza miaka yote. Wengine walidhani tuna wazimu.

Kwa hiyo mimi ni nusu ya bingwa. Nusu ya kushoto.

Na nusu ya kulia hatusemezani. Mwaka jana, kwenye sherehe ya shangazi, kaka aliwaambia watu rekodi ile ni yake, mimi nilikuwa mkanyaga mafuta tu. Nikamjibu kwamba bila mafuta, usukani ni pambo. Akasema hata tofali lingekanyaga. Tofali! Mbele ya shangazi! Niliondoka kabla chakula hakijapakuliwa, na kilikuwa kinanukia. Tangu siku hiyo salamu zetu zinapitia kwa shangazi, nazo ni fupi.

Simhitaji. Nitajifunza usukani. Ugumu uko wapi?

Alhamisi, 6 Juni

Ugumu uko kwenye usukani.

Nikishughulika na kona, mkono wa kushoto unasahau kazi. Nikikanyaga, wa kulia unalala. Mikono yangu haijatambulishana. Ikabidi nitumie akili. Nikachukua mkasi mkubwa wa mke wangu, ule mzito wa kukatia vitambaa, nikaulaza juu ya kitufe cha mafuta. Nikabaki na usukani peke yake. Gari likaruka! Nikapita duka! Nikapita daraja! Nikagundua mkasi haujui kuacha. Niliingia mtoni kwa kasi ambayo sijaiona maishani.

Wakati huo mke wangu alikuwa anageuza nyumba juu chini akitafuta mkasi, mteja kasimama kavaa gauni lenye mkono mmoja. Akanikuta. Alinikata jicho, akachukua mkasi, akarudi kwa mteja.

Lakini kilichoniuma si hicho. Kilichoniuma ni kwamba mkasi ulikanyaga vizuri.

Mchana nikaenda kumpeleleza adui. Nikampelekea shemeji simu yangu kibandani kwake, nikasema ina joto. Haina joto. Akanikaribisha kiti, akanionyesha gemu zake za kisasa. Nimezijaribu, nisije nikaitwa mzee mwenye chuki.

Ya vita: nilikufa kabla sijajua mimi ni yupi. Mtoto mmoja, sijui yuko nchi gani, akanitukana.

Ya shamba: unapanda mahindi, kisha unangoja. Kweli unangoja, mpaka kesho. Nikitaka kungoja, ninao wateja.

Ya magari: nakiri, uzuri wake unatisha. Mvua inateleza kwenye kioo. Shemeji alipita kona zote kwa vidole gumba viwili huku akiongea na mteja kuhusu chaji.

Ila nimeona jambo moja. Vijana walikuwa wamejaa kibandani, wote katika gemu moja, na kila mmoja kainamia simu yake. Hakuna anayemsukuma mwenzake kwa kiwiko. Nikajikuta naukumbuka ubavu wangu wa kulia, jinsi ulivyokuwa unauma kila Jumapili.

Namkumbuka kaka. Nimeandika, basi.

Ijumaa, 7 Juni

Kumpigia simu na kumwomba? Haiwezekani. Nina heshima zangu. Kinachotakiwa ni mbinu.

Nimempigia shangazi. Nikamweleza, kwa siri nzito, asije akamwambia mtu, kwamba shemeji yangu anatangaza mji mzima eti kaka hakuwahi kushika usukani, rekodi ile tuliibuni tu. Nikasema kesho mchana atalithibitisha hilo nyumbani kwangu mbele ya watu. Nikasisitiza kaka asijue kabisa, ataumia bure.

Shangazi akaniapia hatasema. Akakata simu hata kabla ya kuniaga, kwa haraka aliyokuwa nayo.

Mimi ni mtu hatari sana.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya mashindano.

Kaka alikuja na lori. Anaendesha lori la maji, na aliliegesha mlangoni, mtaa mzima ukaziba. Akaingia. Akamsalimia mke wangu vizuri, akamuuliza habari za cherehani. Mimi akaniruka kama ile mashine ya sebuleni. Akauliza ni nani anayesema yeye hakuwahi kushika usukani. Shemeji, maskini, hakujua anaulizwa nini, akaanza kwa kuomba radhi.

Shemeji akacheza kwanza. Vitufe vilimsumbua mwanzoni, maana amezoea kioo cha simu, lakini akavizoea haraka mno. Alimaliza bila kugusa duka wala mto. Muda wake ulikuwa mzuri.

Tulipovuta kiti, shemeji akapinga. Wawili kwa mmoja si haki! Mke wangu, uzi mdomoni, akatoa hukumu bila kuinua kichwa: atuache tucheze, maana tukiunganishwa ndiyo kwanza tunafika mtu mmoja mzima. Hukumu ikapita.

Kiti hakikututosha. Kaka amepata kiuno cha udereva, na mimi sijabaki nyuma. Tukakaa hivyohivyo, nusu ya nusu. Ananukia dizeli. Akaweka vidole kulia, mimi kushoto. Akasema, bila kunitazama, “Kanyaga.”

Nikakanyaga.

Sijui nielezeje. Miaka yote ile, na vidole havikusahau hata kona moja. Kanyaga. Acha. Kanyaga. Kwenye kona kali bado anatoa ulimi nje! Bado ananipiga kiwiko kwenye ubavu uleule! Duka likapita, daraja likapita, shemeji nyuma yetu akaacha kutafuna karanga zake. Tulikuwa tunamshinda, tena kwa mbali. Mstari wa mwisho ukaonekana pale mbele, miraba myeusi na myeupe.

Hapo likaniingia wazo. Tukivuka ule mstari, imekwisha. Kaka atainuka, atachukua ufunguo wa lori, ataniaga kupitia kwa shangazi.

Nikaacha mafuta.

Hakuwa amesema acha. Gari likapunguza mwendo, likapunguza, likasimama pua ikiwa karibu igusane na mstari. Kaka alikuwa anapiga kelele, “Kanyaga! Kanyaga, mdogo wangu!” Muda ukaisha. Skrini ikawa nyekundu.

Kaka akaniuliza kulikoni. Nikasema kitufe kimenasa. Akakibonyeza mwenyewe. Kikabonyea vizuri tu. Akakitazama kitufe, akanitazama mimi, akasafisha koo. Kisha akamwambia shemeji kwamba ushindi ni wake, sasa atupishe tucheze moja ya bure. Tukacheza ya bure. Tukacheza nyingine. Majirani wakaja kulalamika kuhusu lori, akawaambia linapoa.

Mwisho mke wangu akaja na tepu ya kupimia, akaanza kupima ukuta. Mkataba ni mkataba. Shemeji akajaribu kuinyanyua skrini, mgongo ukalia, akaomba maji. Kaka akasema mtu wa vyuma chakavu hawezi kutunza kitu kama hiki. Akaibeba peke yake mpaka kwenye lori, akaiweka kiti cha abiria, akaifunga mkanda. Kitambaa cha mama akakikunja kwa mikono yake, akakitia mfukoni.

Nimeshindwa. Sijafurahi hivi tangu utotoni. Nitamficha mke wangu.

Jumapili, 9 Juni

Kaka alisema nije nimsaidie kuunganisha nyaya. Nyaya zilikuwa zimeshaunganishwa nilipofika. Kompyuta iko sebuleni kwake, mahali pa heshima, kitambaa juu. Tukacheza asubuhi yote. Mkewe akatuletea chai akatuita watoto.

Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka nilipofungua mdomo wangu. Nilisema tu, kwa upole, kwamba leo usukani nishike mimi. Akakataa. Nikasema rekodi ni yetu sote. Akasema rekodi ni ya dereva, na abiria hawana rekodi. Nikamkumbusha kwamba jana aliona mwenyewe jinsi gari linavyokwenda bila mimi. Akasema, aa, kumbe kitufe hakikunasa! Nikasema sikusema hivyo. Akasema nimesema. Nikasimama, nikamwambia nyumba hii sitaikanyaga tena maishani. Akasema nifunge mlango vizuri, nzi wanaingia.

Nikafunga kwa kishindo. Shemeji ameshasikia yote, shangazi kamfikishia! Ameniuliza kama nataka marudio. Nimesema ndiyo, Jumamosi ijayo, na safari hii naendesha peke yangu. Nimeweka dau televisheni. Mke wangu hajaambiwa.

Jumatatu, 10 Juni

Shangazi amepiga simu. Kaka amemtuma aniambie nimesahau koti langu kwake, limetundikwa kwenye kiti, linamzuia kuona skrini vizuri.

Nimejibu, kupitia kwa shangazi, kwamba yule si mtu wa kukaa na nguo yangu, hivyo nitalipitia Jumatano baada ya kazi. Dakika chache tu nitakaa. Shangazi akapeleka, akarudi na jibu: kaka atakuwepo, ila nisidhani atanipikia.

Mpango unakwenda vizuri sana. Koti nililiacha makusudi. Jumatano naacha kofia.