Arobaini na Moja Kila Mwezi

Jumatatu, 3 Machi

Habari mbaya kabla ya chai. Mkuu wa mradi alituita mimi na Bi Kalamu, akafunga mlango kwa mkono wake. Mlango ule haufungwi ila kwa msiba. Mfadhili anapunguza. Kuanzia Aprili kitengo cha ufuatiliaji na tathmini kitabaki na afisa mmoja. Sisi tuko wawili. Hesabu hiyo hata mkuu ameiweza.

Bi Kalamu hakutikisika. Huyu ni mwanamke wa wino mwekundu. Hata kadi ya harusi huirudisha imesahihishwa. Zahanati zake zinaleta ripoti asilimia themanini tu, maana asiyeleta humwachia nafasi tupu. Tupu! Kwenye jedwali linalokwenda ng'ambo! Zangu kumi na saba ni asilimia mia moja, mwaka mzima bila tundu.

Siri yangu naiandika hapa tu. Zahanati isipoleta ripoti, nachukua miezi mitatu ya mwisho iliyoripotiwa, najumlisha, nagawa kwa tatu, najaza. Si uongo. Ni wastani. Nimesoma vitabu vinene juu ya jambo hili na kugombana na waandishi wake pembeni mwa kila ukurasa. Pengo ni uvivu wa mchambuzi. Mwenye hoja nyingine aje nayo, nimekaa hapa.

Jioni mama watoto kauliza kama mkataba wangu u salama. Nikasema u salama kabisa. Kauliza tena. Nikamwambia asinihoji kama polisi. Akasema, siku nikinyamaza, baba watoto, ndipo uanze kuogopa. Kitisho gani hicho! Kimya nakisubiri mwaka wa kumi na tisa sasa.

Jumanne, 4 Machi

Mgeni wa makao makuu amefika. Mrefu, mpole, anaandika kila kitu, hata akiambiwa karibu. Tathmini yake ndiyo itakayoamua nani abaki.

Nikamwonyesha ramani yangu. Kijani, kijani, kijani. Kama shamba lililopata mvua. Ya Bi Kalamu ina matundu kama chandarua cha mwaka juzi. Mgeni akauliza matundu haya ni nini. Bi Kalamu akajibu, bila haya, kwamba hapo hatujui. Hatujui! Mtu analipwa ajue, anasimama mbele ya mgeni kutangaza kwamba hajui! Nilitaka kumwonea huruma, nikajizuia.

Kisha balaa. Mgeni akaweka kidole kwenye Namba Kumi na Saba, ile ya mwisho, ng'ambo ya mto. Watoto waliochanjwa: Oktoba arobaini na moja. Novemba arobaini na moja. Desemba, Januari, Februari, arobaini na moja, arobaini na moja, arobaini na moja. Akasema hajapata kuona uthabiti wa namna hiyo popote. Anataka kuiona zahanati hiyo kwa macho. Ijumaa.

Namba Kumi na Saba haijaniletea karatasi tangu Septemba.

Nikasema daraja limechukuliwa na maji. Dereva, ambaye hakuulizwa, akasema daraja lipo, juzi tu kapita. Nikasema nilimaanisha barabara. Dereva akasema barabara imechongwa, bosi wangu, sasa imelala kama mkeka. Mtu huyu nitamkumbuka siku ya kujaza fomu za utendaji.

Nimepiga simu zahanati mara saba. Inaita, haipokelewi. Kwenye daftari la mawasiliano nimeandika "mazuri", kwa kuwa mwaka jana yalikuwa mazuri.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda mwenyewe, niwahi kabla ya Ijumaa. Nilimwambia mkuu nakwenda kuhakiki. Akafurahi. Neno hilo humfurahisha daima.

Vyumba viwili, benchi moja lililopasuka, bango la unawaji mikono limepauka hadi mikono haionekani. Muuguzi ni mama wa makamo ya kustaafu. Kuona gari alitoka mbio, akafuta benchi kwa ncha ya khanga, akasema ashukuriwe Mungu, nilijua tu mtakuja.

Nikauliza kwa nini hapokei simu. Akasema, mwanangu, niliiona ikiita. Nikaiacha makusudi. Nilijisemea wakikosa simu watakuja wenyewe. Na kweli si umekuja?

Kisha akaeleza. Friji ya chanjo, ile ya umeme wa jua, ilikufa mwishoni mwa Septemba. Betri. Chanjo zote zikaharibika. Akaandika barua tatu, akazibana zote nyuma ya ripoti ya Septemba. (Nazikumbuka karatasi hizo. Mimi husoma mbele.) Hakujibiwa. Akakaa akafikiri: watu wa ofisini wanapenda namba kuliko watu. Barua wanaweza kuipuuza, lakini wakikosa namba mwezi mmoja hawatalala, watakuja mbio. Basi akaacha kuleta ripoti. Oktoba akafagia uwanja, akasubiri. Novemba akafagia. Desemba akafagia.

Aliniuliza, bila ukali, kwa nini tumechelewa hivi. Nikasema taratibu.

Friji sasa ni kabati la rejesta. Alinifungulia moja. Tangu Oktoba anaandika kina mama waliokuja na watoto wakarudishwa, jina kwa jina, kwa mwandiko wa darasani. Januari surua iliingia. Watoto kumi na mmoja. Majina mawili kayapigia mstari kwa rula. Sikuuliza mstari ni wa nini. Akaniambia hata hivyo.

Nilitoa fomu yetu nitafute safu ya watoto waliorudishwa. Hatuna. Safu ya waliozikwa pia hatuna. Nikakaa kwenye benchi. Upande wa kushoto linachoma.

Baadaye nikakumbuka Ijumaa. Nikamwambia, mama, akija mgeni akauliza, sema arobaini na moja. Ni kwa faida ya zahanati. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akachukua ufagio.

Amekubali.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda stoo kuuliza kama kuna betri za friji. Ziko! Kumi na mbili, ndani ya maboksi, tangu mwaka jana! Nikauliza mbona hazitoki. Mtunza stoo akasema betri hutoka ripoti ikionyesha friji mbovu, na kwa ripoti zako, mzee, hakuna friji mbovu kokote. Akanipongeza. Akasema laiti maafisa wote wangekuwa kama mimi, stoo ingebaki imejaa daima.

Akanipa fomu. Karatasi moja, mistari minne. Mstari wa tatu: Friji haifanyi kazi tangu lini. Nilishika kalamu. Nikaandika "Sep". Nikaona hizo arobaini na moja tano zikianguka moja baada ya nyingine, na jina langu chini yao. Nikaona Bi Kalamu kwenye kiti changu, kile chenye mto. Nikaikunja fomu, nikaitia mfukoni. Betri nitaiomba Aprili, mkataba ukishasainiwa. Watu wamesubiri miezi mitano. Wiki tatu ni nini?

Lakini Ijumaa mgeni anataka friji. Basi friji ataipata. Iliyopo kwenye jiko letu la ofisi ni nyeupe, ndefu, karibu sawa na ile. Dereva kesho aipakie mapema. Nikamwambia ni jambo la siri. Akauliza siri ya nani, bosi wangu, maana hiyo friji tunaitumia watu ishirini.

Mama watoto hajanisemesha tangu jana asubuhi. Chai anaiweka mezani, anaondoka. Utulivu mtupu. Hatimaye kanielewa.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwa ufupi.

Mimi na dereva tulitangulia na friji mgongoni mwa gari. Tukaiingiza. Ile mfu tukaificha nyuma ya zahanati, tukaifunika turubai. Muuguzi aliuliza, hii inafanya kazi? Nikasema itafanya. Akaigusa kwa kiganja, kama mtu anayepima homa. Ukutani hakuna pa kuichomeka, hilo sikuliwaza. Zahanati haina umeme mwingine. Nikauviringa waya, nikausukumia nyuma.

Saa nne wakafika: mgeni, mkuu, Bi Kalamu. Bi Kalamu alikuwa na hasira tangu garini. Leo jikoni, alisema, kuna mwizi amebeba friji nzima na chakula cha watu ndani. Ndani! Hatukufungua!

Mgeni akafungua.

Rafu ya juu, maziwa ya mkuu. Rafu ya kati, bakuli lenye kipande cha plasta, maandishi mekundu: USIGUSE. NINAJUA KIASI. Mgeni akatia mkono ndani, akautoa. Akaufuata waya kwa macho mpaka ulipoishia. Bi Kalamu akasema polepole, hilo ni bakuli langu. Mkuu alikuwa anayatazama maziwa yake.

Nikasema ni mpango wa muda wa kusaidiana vifaa. Hakuna aliyeandika.

Mgeni akamgeukia muuguzi, akauliza Februari alichanja watoto wangapi. Nikasimama nyuma ya mgeni, nikamwinulia vidole vinne, kisha kimoja. Muuguzi akasema sufuri. Januari? Sufuri. Akaendelea hadi Oktoba, sufuri, sufuri, kwa sauti ile ile ya kusomea orodha. Mgeni akafungua jedwali langu, akamsomea arobaini na moja zote tano.

Muuguzi akanitazama. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akasema, kumbe ni wewe uliyekuwa unajibu badala yangu. Mimi nanyamaza huku niitwe, wewe unajibu huko. Kisha akaniuliza, hao arobaini na moja wako wapi, mwanangu, nami niwaone?

Akaleta rejesta. Mgeni alipofika kwenye majina yenye mstari aliacha kuandika. Ndiyo mara ya kwanza tangu Jumanne.

Kurudi nilipanda nyuma, na friji.

Jumamosi, 8 Machi

Mama watoto kaenda kwa mama yake pamoja na watoto. Hakuacha neno. Kabati lake liko wazi, tupu upande mmoja.

Atakuwa amekwenda kusalimia.

Jumatatu, 10 Machi

Mlango umefungwa tena. Bi Kalamu anabaki. Mimi nakabidhi kazi hadi mwisho wa mwezi. Nilitetea kwa nusu saa. Nilitaja vitabu vitatu. Nilisema ofisi hii yenyewe ndiyo iliyodai kijani, ikanipa cheti cha kijani, ikanipiga picha nacho, na sasa inashangaa kuiona rangi mikononi mwangu! Hapo mkuu aliangalia dirishani, maana cheti alikisaini yeye. Hoja ilisimama. Mkataba haukusimama.

Kwenye korido Bi Kalamu alinishika kiwiko. Nilidhani anakuja kunicheka. Akasema, kaka, lile tundu ulilolijaza lilikuwa mtu anakuita. Macho yake yalikuwa mekundu kama wino wake. Nikamwambia asilete mashairi kazini. Akasema bakuli lake nimrudishie.

Zimeagizwa betri zote kumi na mbili zitoke stoo, ziende kwenye zahanati kumi na mbili zilizogundulika kuwa na friji mbovu, ya kwanza Namba Kumi na Saba. Kazi yangu ya mwisho: kupeleka fomu ya swali moja kwa kila zahanati, betri imefika na inafanya kazi, ndiyo au hapana, na kukusanya majibu. Mkuu alisema kazi hiyo hata mimi siwezi kuiharibu.

Ijumaa, 28 Machi

Siku ya mwisho. Meza nimeifuta. Kiti nimekiachia mto wake, nisije nikaambiwa mwizi wa samani pia.

Majibu kumi na moja yamerudi. Yote ndiyo. Namba Kumi na Saba haijajibu. Fomu nimeituma mara mbili, simu inaita, haipokelewi. Wiki iliyopita dereva alinijia, akasema, bosi wangu, ile betri ya ng'ambo ya mto, kuna jambo nataka nikwambie. Nikamwambia taarifa yoyote ije kwa maandishi. Hajaandika. Basi halikuwa jambo.

Jedwali lazima lifungwe saa kumi. Nafasi moja tupu, chini kabisa, inanikodolea macho. Siwezi kumwachia Bi Kalamu jedwali lenye tundu. Atasema nimeshindwa hata hili. Na zaidi ya hayo, hoja ni rahisi. Kumi na moja kati ya kumi na moja walisema ndiyo. Mtoto wa shule anaweza kuikokotoa.

Nimeandika ndiyo.

Mama watoto yuko kwa mama yake wiki ya tatu. Simu inaita, hapokei. Nimepitia miaka yetu kumi na tisa, nikachukua mitatu ya karibuni. Kwa wastani, tuko vizuri.